Tunataka harusi ndogo, mama ana daftari la michango

*"Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Dar es Salaam, kwetu ni Machame, Kilimanjaro. Mchumba wangu ni wa Iringa, na sote ni Walutheri. Mshenga alishaleta barua na ikajibiwa. Tumepanga kufunga ndoa baada ya Pasaka. Tunataka jambo dogo: ibada, kisha chakula cha mchana cha watu 80, tugharamie wenyewe, bila kamati wala michango, na fedha itakayobaki tumalizie kiwanja chetu Kibaha. Mama amekataa katakata. Anasema amechangia watoto wa wenzake tangu sisi tukiwa wadogo, na majina yao yamo kwenye daftari lake, kwa hiyo lazima kuwe na kicheni pati na sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi) ya watu 350. Kaka yangu alioa mwaka 2019 na kamati yake ilikuwa kubwa sana. Juu ya hilo, tulimwomba baba apokee mahari yote kwa mkupuo mmoja kwenye simu, pamoja na thamani ya mbuzi na blanketi, ili mchumba asihangaike kusafiri na wazee wake hadi Machame. Baba alikasirika na tangu siku hiyo haniongeleshi. Baba mdogo naye anasema mahari isipoisha ndoa yetu itakuwa batili. Ni kweli? Na tufanyeje tupate harusi tunayoitaka bila kuvunja nyumba?"*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa barua kujibiwa. Maswali yako yamefungamana, lakini hili la ndoa kuwa batili tulimalize kwanza, maana linakunyima usingizi bila sababu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine ya sheria ni halali hata kama taratibu za kimila kuhusu mahari hazikufuatwa. Sheria inachotaka ni ridhaa ya hiari ya ninyi wawili, umri, kutokuwa na kizuizi kama udugu wa karibu au ndoa nyingine inayoendelea, mfungishaji mwenye mamlaka, na mashahidi wasiopungua wawili. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na kwa ninyi wa kanisani jambo hilo linakwenda sambamba na kutangazwa kwenye ibada, kwa hiyo msichelewe kwenda ofisi ya usharika. Kwa umri wako, hata idhini ya mzazi si sharti la kisheria. Baba mdogo amekosea upande wa sheria.

Ila usikimbilie kumwonyesha kifungu. Mchungaji wako karibu hakika atauliza kama wazazi wa pande zote wameridhia, na hata asipouliza, hutaki kuingia kanisani ukiwa na hati ya ushindi dhidi ya ukoo wako. Kuna na jambo ambalo baba mdogo mwenyewe analijua vizuri: katika makabila yetu mengi mahari haitolewi ikaisha siku moja. Inatolewa sehemu kubwa, wazee wanatamka kwamba wameridhika, na kinachobaki kinaachwa makusudi ili mkwe awe na sababu ya kurudi. Mwombe mshenga azungumze naye kwa njia hiyo. Mzee akiulizwa, "Kwetu ni kiasi gani kinatosha binti kuondoka?" atajibu kama mwenye mila. Akiambiwa "sheria inasema", atajibu kama mtu aliyevunjiwa heshima.

Sasa tuje kwa baba na ile simu. Nadhani hapa ndipo penye kidonda chenyewe, kuliko hata ukubwa wa sherehe.

Najua mlikuwa na nia njema. Safari ya Iringa hadi Machame na wazee si ya mchezo, kuna nauli, malazi na ruhusa za kazini. Lakini tazama barua ya mahari ilivyoandikwa. Sijaiona yenu, ila nimesoma nyingi za Kichaga, na karibu zote zina vitu vya namna mbili. Kuna vitu visivyo na mwenyewe anayetajwa: ng'ombe, au kiasi cha fedha badala ya ng'ombe. Na kuna vitu vyenye majina ya watu: mbuzi wa mjomba, blanketi la bibi, shuka la babu, kitu cha mama, mbege (pombe ya ndizi) ya wazee. Vile vya kwanza ndivyo vinavyojadiliwa, vinapunguzwa, vinagawanywa kwa awamu, na siku hizi vinapokelewa hata benki bila mtu kununa. Vile vya pili havifanyi kazi ya fedha hata kidogo. Vimewekwa ili kila mtu aliyekulea aitwe kwa jina mbele ya wakwe na apokee kitu mkononi.

Umewahi kuona bibi akifunikwa blanketi siku ya mahari? Anaitwa kutoka jikoni au chumbani, anakalishwa kwenye kiti mbele ya wageni, na kijana anayeoa, au shangazi yake, anakunjua lile blanketi na kumwekea mabegani. Akina mama wanapiga vigelegele. Bibi anasema maneno mawili matatu ya baraka, mara nyingi kwa Kichaga, na wageni wanaitikia hata kama hawakuelewa. Dakika tano hivi. Blanketi lenyewe linauzwa sokoni kwa bei ambayo kijana yeyote mwenye kazi anaimudu. Mlipomwambia baba apokee thamani yake kwenye simu, alichosikia ni kwamba mama yake mzazi hatakuja kuitwa mbele za watu. Ndiyo maana hakuwajibu kwa hesabu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: fedha ya ng'ombe tumeni kwa njia yoyote mtakayokubaliana, na mshenga apewe maandishi ya kupokelewa. Vitu vyenye majina vipelekwe vyenyewe, kwa mkono, Machame. Pelekeni Desemba. Wachaga wengi wanarudi nyumbani mwisho wa mwaka, wajomba na mashangazi watakuwepo tayari bila mtu kuwasafirisha, na nyumba itakuwa na chakula na mbege bila kuandaliwa kwa ajili yenu peke yenu. Mchumba wako hahitaji basi zima la watu. Mshenga, baba yake au baba mkubwa, shangazi mmoja na yeye mwenyewe wanatosha. Wasafiri siku moja, walale Moshi, wapande Machame asubuhi.

Kabla ya hapo, nenda kwa baba. Usimtumie ujumbe wa simu, simu imeshaharibu vya kutosha. Wewe ni wa Machame, unajua kwetu mtu akikosa anatafuta isale, lile jani la kuombea msamaha. Mwombe shangazi yako, dada yake baba, akutangulie nalo, useme umekosea namna ya kuleta jambo. Sikwambii useme umekosea kutaka harusi ndogo, hilo ni jambo jingine na lina haki yake. Nimeona wazee wa kanisa, watu wa suti na Biblia kwapani, wakilainika mbele ya lile jani kwa sababu wanajua aliyelileta anawafahamu wao ni nani.

Haya, tuje kwenye daftari la mama.

Vijana wengi wanaoniandikia huamini kwamba wakikataa michango wanawapunguzia watu mzigo. Wazazi nao huamini kwamba michango ni akiba yao inayowarudia. Pande zote mbili zina nusu ya ukweli, na ugomvi mwingi unatokea hapo.

Zamani kijijini hakukuwa na kamati. Jirani alileta ndizi, mwingine kuni, mwingine alishinda akipika mbege, vijana walichinja. Nyumba yako ilipokuwa na shughuli, nawe ulifanyiwa. Watu walipohamia mjini, wakawa na mishahara lakini hawana ukoo wa kuwapikia, kazi ile ile ikageuka fedha: kadi ya mchango, mwenyekiti, mhazini, vikao vya kila wiki, na sasa kundi la WhatsApp. Mama yako alipokuwa akichangia mtoto wa mfanyakazi mwenzake, alikuwa akijiweka ndani ya watu watakaokuja kwake siku ya furaha na, tuseme ukweli, siku ya msiba pia. Ukifuta sherehe yote, hao waliokuwa na zamu ya kumrudishia wanabaki hawana pa kurudishia. Naye anabaki kama mtu aliyejiondoa. Hilo si kujionyesha. Ni woga wa kweli wa mama anayezeeka mjini.

Lakini mama naye hajafanya hesabu. Tuchukulie mtu anachangia shilingi 100,000 na anapata kadi ya dabo, yaani ya watu wawili. Sahani moja ya chakula ukumbini iwe 30,000 na vinywaji vya mtu mmoja 10,000. Yeye na mwenzake wameshakula 80,000. Inabaki 20,000 ya kulipia ukumbi, mapambo, MC, muziki, picha na magari. Hapo ni yule aliyelipa. Aliyeahidi akaja bila kulipa, au aliyetoa 50,000 mkamwonea haya mkampa dabo, amekula fedha ya mwenzake. Ndiyo maana kamati nyingi zinakusanya mamilioni na bwana harusi anamaliza akiwa na deni la vinywaji. Kiasi kinapokua, wageni wanakua, na gharama inakua nao. Usimwahidi mtu kwamba michango itajenga kiwanja cha Kibaha. Haitajenga, isipokuwa mkitangaza toka kikao cha kwanza kwamba sherehe ni ndogo na kinachozidi ni cha kuwaanzishia maisha. Wapo wanaofanya hivyo na watu wakaelewa. Asiyetangaza, halafu akahamisha fedha ya sherehe kwenda kwenye tofali, atasemwa miaka mingi.

Kutokana na hesabu hiyo kuna sheria moja ambayo huwezi kuikwepa: ukipokea mchango wa mtu, umemwalika. Huwezi kuchukua fedha za watu 300 ukalisha 80. Kwa hiyo usianze na swali la wageni wangapi. Anza na swali la fedha za nani zinapokelewa.

Hapo ndipo utakapokaa na mama, mkafungua lile daftari pamoja, jioni moja isiyo na haraka. Umesema kaka yako alioa mwaka 2019 na kamati ilikuwa kubwa. Basi wengi waliomo kwenye daftari wameshamrudishia mama! Pitieni jina kwa jina. Wapo waliochanga kwa kaka. Hao hawana deni, wanaweza kualikwa au kuarifiwa tu kwa heshima. Wapo waliohama, waliostaafu wakarudi kwao, waliotangulia mbele za haki. Watabaki wale ambao mama aliwashika mkono na hawajapata nafasi. Mara nyingi orodha hiyo ni fupi kuliko mama anavyodhani. Mwache yeye mwenyewe aone ufupi wake. Ukimtangulia kuusema, ataanza kuongeza majina.

Kwa nini basi mama anang'ang'ania sendofu, na si harusi yenyewe? Kwa sababu kwa desturi zetu za mjini harusi ni ya upande wa mwanamume. Kamati ni ya kwao, ukumbi ni wa kwao, ratiba ni ya kwao, na mama wa bibi harusi anakuja kama mgeni wa heshima. Sendofu ndiyo shughuli pekee ambapo mama yako ni mwenye nyumba: anakaribisha, anaagiza, anakukabidhi kwa wakwe kwa maneno yake, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, anatengwa na nyumba yenu. Ukifuta sendofu ukamwachia chakula cha mchana baada ya ibada, umemwondolea siku yake yote. Mimi ningekuwa wewe, hapo nisingekata.

Ningefanya hivi. Sendofu ibaki, iwe ya mama, watu kama 120 au 150 kulingana na daftari, michango itoke kwa watu wake tu, na wewe usiongeze marafiki zako wa chuo na wa kazini. Ifanyike mchana, kwenye uwanja wa nyumbani au bustani ya kukodi, na chakula cha kawaida chenye ndizi na nyama. Kicheni pati irudi kwenye asili yake: jioni moja sebuleni kwa shangazi, wanawake waliokuzidi umri wakae na wewe, wakufunde bila kipaza sauti na bila sare. Wengi watakuambia baadaye kwamba ile ya ukumbini hawakusikia neno hata moja kwa muziki. Vyombo walete wanaotaka kuleta. Halafu harusi iwe kama mlivyoiota, ibada na chakula cha watu 80, kwa fedha yenu.

Njia nyingine ni sherehe moja ya pande zote mbili, sendofu na harusi siku moja. Inaokoa ukumbi, mapambo na MC mmoja mzima, na wageni wa Iringa wanasafiri mara moja. Ugumu wake uko kwenye itifaki. Nani anakaribisha, nani anaanza kuzungumza, keki na ndafu vinafuatana vipi, zawadi zinapokelewa na nani. Mambo haya yakiandikwa mapema na wazee wa pande mbili wakayapitisha, siku inakwenda vizuri sana. Yakiachwa kwa MC siku yenyewe, kuna shangazi ataondoka amenuna. Kwenu siipendekezi kwa sababu mama anahitaji shughuli yake peke yake, lakini kama fedha ni ngumu kweli kweli, ifikirieni.

Kuna kitu kimoja barua yako haikukigusa: wakwe zako. Umemtaja mchumba na safari ya wazee wake, basi. Kama harusi kwa desturi ni yao, je, mama yake hana daftari? Huko Iringa hakuna waliochangiwa? Harusi ya watu 80 mliyoipanga ninyi wawili inawezekana inamnyima yeye kile kile unachomnyima mama yako. Hilo si la kwako kulipeleka. Mchumba aende kwao mwenyewe, azungumze na wazazi wake kabla mshenga hajasikia kutoka kwenu. Wakitaka, wanaweza kuwakaribisha Iringa wiki moja au mbili baada ya ndoa, nyumbani kwao, kwa watu wao, wakampokea mkamwana wao wanavyojua wao. Huenda ukaipenda siku hiyo kuliko zote.

Kuhusu fedha zenyewe nitasema kwa ufupi, kwa sababu wewe ni mtu mzima. Kamati ya mama, hata iwe ya watu sita, iwe na mhazini ambaye si mama wala si wewe. Akaunti au namba moja ya kupokelea, orodha inayosomwa kila kikao, ahadi safu yake na fedha taslimu safu yake. Msisaini chochote kwa kutegemea safu ya ahadi. Kile kikao cha mwisho, mhazini anaposoma "ameahidi laki mbili, bado", "ameahidi laki moja, bado", na chumba kikawa kimya, tayari ukumbi unadai salio. Panga kwa fedha iliyoingia, na ahadi zitakazofika ziongeze vinywaji. Msikope kwenye simu wala kwenye vikoba kwa ajili ya siku moja. Na mikataba ya mpishi na mpiga picha iwe ya maandishi, yenye tarehe, idadi ya sahani na sharti la kurudishiwa malipo ya awali.

Yapo mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Kama baada ya isale na shangazi baba bado hasemi na wewe, mfuate mchungaji wenu, aende kwake pamoja na mzee mmoja wa ukoo. Yeye anaweza kukaa sebuleni na kusikia ambacho baba hakukuambia, na huenda hakihusu mahari kabisa. Kama kuna mtu anataka kuizuia ndoa au anatishia kuweka pingamizi kwa sababu ya kiasi kilichobaki, muone wakili au kituo cha msaada wa kisheria mapema, msisubiri wiki ya harusi. Na endapo mtu yeyote, wa upande wowote, anakulazimisha kuolewa au kutokuolewa kwa vitisho au kwa kukupiga, hapo mashauriano ya mila yasimame. Nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia kituo cha polisi.

Kuhusu tarehe: makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, kwa hiyo wote waliosubiri wanajazana Jumamosi za baada ya Pasaka. Wahi usharika na mpishi sasa. Fikirieni pia Ijumaa au siku ya katikati ya wiki. Kwa watu 80 wanaowapenda, watapata ruhusa, na bei huwa nafuu. Ila kabla ya kulipa hata shilingi moja ya kushikilia tarehe, baba aisikie tarehe hiyo kutoka kinywani mwako.